Benki Ikikataa, Halmashauri Ijibu Nini?

Haya ni maelezo ya mazungumzo ambayo mwandishi aliyatoa mbele ya walimu na watumishi wa serikali mjini Ujiji.



Mlinialika nizungumze juu ya mikopo ya nyumba, na ndani ya barua yenu ya mwaliko mlikuwa na swali moja lililonichekesha kabla ya kunisikitisha. Mliuliza: mtu aliyekwisha kukataliwa na benki, je, aweza kwenda kuomba mkopo wa nyumba kwa halmashauri? Nilicheka kwa sababu mimi mwenyewe nimekwisha kufanya hivyo, na naomba niwasimulie yaliyonipata kabla hatujaingia katika sheria na mahesabu.

Babu yangu mzaa baba aliacha kiwanja hapa Ujiji, na juu yake nyumba ya miti na udongo ambayo kila masika huporomoka upande mmoja na kila kiangazi hukandikwa upya. Warithi tuko tisa: baba zangu wadogo, shangazi zangu, na sisi watoto wa marehemu baba. Tulikubaliana nijenge nyumba ya kudumu ambayo shangazi mkubwa ataishi humo mpaka mwisho wa siku zake. Nikaenda benki. Ya kwanza iliniuliza hati ya kumiliki ardhi, sina. Ya pili ilikuwa na subira zaidi. Iliniuliza hati, barua ya usimamizi wa mirathi, ridhaa ya warithi wote, ramani iliyopitishwa, kibali cha ujenzi, na taarifa ya mthamini ambaye ningemlipa mimi. Nilipoona kwamba sina hata moja kati ya hayo nikaondoka, nikavuka barabara ya hasira zangu mwenyewe mpaka kwenye ofisi za halmashauri.

Pale nilimkuta afisa, binti mdogo kwangu kwa umri, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa. Kisha akasema: "Kaka, hapa hatukopeshi nyumba. Hapa tunatoa viwanja, tunatoa vibali, na kwa vikundi tunatoa ile asilimia kumi." Nikashukuru nikatoka, moyoni nikisema kwamba huu nao ni mlango uliofungwa. Siku chache baadaye, joto lilipopungua, nikayarudia maneno yake moja moja. Viwanja. Vibali. Hivi ndivyo vitu ambavyo benki ilinikatalia kwa kuvikosa! Yule binti hakuwa amefunga mlango. Alikuwa amenionyesha kwamba karatasi zinazoulizwa upande mmoja wa mji hutengenezwa upande wa pili. Hapo ndipo palipo na kiini cha mazungumzo yangu ya leo.

Lakini kwanza tufanye hesabu, maana nazungumza na walimu. Tuchukue mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Hati anayo, kiwanja anacho, mke au mume ameridhia kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka pale nyumba ya familia inapowekwa rehani. Hana kasoro yoyote. Anaomba shilingi milioni 30 kwa miaka 15. Riba ya mikopo ya nyumba katika nchi yetu kwa miaka hii imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19, tuseme 17. Marejesho yake yatakuwa takriban shilingi 461,700 kila mwezi, na mpaka siku ya mwisho atakuwa amelipa zaidi ya shilingi milioni 83 kwa ajili ya milioni 30 alizopokea.

Sasa tazameni hati yake ya mshahara. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, asilimia 15, yaani 120,000. Chama cha wafanyakazi, asilimia 2, yaani 16,000. Kodi ya mapato karibu 68,000. Jumla ya makato ni shilingi 268,000, anabaki na 532,000. Na kanuni inasema kwamba mtumishi wa umma lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake, yaani kama shilingi 267,000. Kwa hiyo kinachoweza kukatwa kwa mkopo ni shilingi 265,000 tu. Benki inataka 461,700. Mtu huyu hakukataliwa kwa chuki wala kwa uzembe wa karani. Amekataliwa na kugawanya na kutoa, tena kanuni ile ya theluthi imewekwa kumlinda yeye mwenyewe asije akafanya kazi mwezi mzima akaenda nyumbani mikono mitupu.

Huyo ni mwenye mshahara. Je, mvuvi wa Kibirizi au Katonga? Mvuvi wa dagaa wa ziwa letu huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikua, mitumbwi hupandishwa mchangani na nyavu huanikwa. Mapato yake yanafuata mwezi wa mbinguni, lakini benki inafuata mwezi wa kalenda. Na mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Sipingi hatua hiyo. Dagaa wakiisha hatutakuwa na cha kuzungumza. Nauliza tu: mkataba gani wa rehani ulioandikwa kwa ajili ya mtu ambaye kazi yake yaweza kusimamishwa kwa amri halali kwa siku tisini?

Tena wengi wao nyumba zao ziko ufukoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na katika miaka ya 2020 na 2021 maji yalipopanda, hapa kwetu na ng'ambo Uvira na Bujumbura, wengi walielewa sababu ya katazo hilo bila kusomewa kifungu. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kuwa dhamana, wala halmashauri haiwezi kuipatia hati. Mwenyewe anahitaji kiwanja kingine mahali pengine, na hilo nalo ni jambo la halmashauri.

Ndugu zangu, nchi yetu haikuanza jana kutafuta njia. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973 ikiwa na jukumu moja tu la kukopesha wajenzi wa nyumba. Wazee waliomo humu wanaikumbuka. Katika miradi ya viwanja na huduma ya miaka ya 1970, ile ya Sinza na Kijitonyama kule Dar es Salaam na mingine katika miji kadhaa, Benki hiyo ndiyo iliyotakiwa kumkopesha mwananchi vifaa baada ya serikali kumpimia kiwanja. Fikra ilikuwa njema: mmoja atoe ardhi iliyopimwa, mwingine atoe fedha. Lakini madeni yalikuwa hayalipwi, na wakubwa walikuwa miongoni mwa wasiolipa. Benki ile ikafungwa mwaka 1995. Baada ya hapo kwa zaidi ya miaka kumi mtu wa kawaida hakuwa na mahali pa kubisha hodi, mpaka ilipotungwa sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 na kuundwa, mwaka 2010, kampuni ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu za kukopesha nyumba. Hatua hizo zimezaa matunda, ila sehemu kubwa ya matunda yenyewe imeangukia Dar es Salaam. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Mkopo wa nyumba bado uko njiani.

Zipo nchi ambazo halmashauri hukopesha kweli. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1899 iliyoziruhusu serikali za mitaa kumkopesha mpangaji ili ainunue nyumba ndogo anamokaa. Ireland, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza, iliirithi fikra hiyo na haikuiacha. Tangu Januari 2022 wana mpango ambao mwombaji wa mkopo wa halmashauri hutakiwa alete uthibitisho kwamba taasisi mbili za fedha zimemkatalia, au zimempa kiasi kisichomtosha. Hebu fikirini: barua ya kukataliwa, ambayo kwetu mtu huichana njiani kwa aibu, kule ndiyo inayofungua jalada! Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na bodi kuu ya nyumba tangu mwaka 1953, iliyokuja kuwa shirika la nyumba la nchi hiyo, ambayo ilizikopesha halmashauri za miji fedha za kujengea. Sisemi tuige kila kitu. Halmashauri ya Ireland ina kodi za Ireland. Nasema tu kwamba wazo la mlango wa pili, baada ya mlango wa benki, si ndoto ya mlevi.

Sasa turudi kwenye ile asilimia kumi, kwa sababu maneno mengi yasiyo sahihi husemwa juu yake katika vijiwe vya Mwanga na Gungu. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, wakopeshwe bila riba. Ni fedha za shughuli za uzalishaji. Hazikutengwa kwa ajili ya mtu kujijengea sebule. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, maana kulikuwa na vikundi vilivyokopa na kuyeyuka kama umande. Iliporudishwa mwaka 2024, halmashauri 10 ziliteuliwa kujaribu kuitoa kwa kupitia benki, na Manispaa yetu ya Kigoma/Ujiji ni moja ya hizo 10. Kwa hiyo mji huu una uzoefu ambao miji mingi haina: halmashauri na benki kukaa meza moja kumzungumzia mwananchi yule yule. Nasikitika kwamba meza hiyo haijawahi kuulizwa swali la nyumba.

Na swali lenyewe ni lipi? Hapa naomba mniruhusu nitoke ofisini niende barabarani. Mtu akitoka Mwanga kuelekea Ujiji, akitazama kulia na kushoto, ataona maboma. Kuta zimefika kwenye lenta, madirisha ni matundu matupu, ndani umeota mpapai. Mwenyewe yupo, pengine ni mwalimu aliyemo humu. Hakushindwa kujenga. Alinunua kiwanja kwa malimbikizo ya mshahara, akajenga msingi kwa fedha za upatu, akapandisha kuta kwa miaka mitatu, tofali moja moja, nyingine zikiwa mbichi kwa kukosa kuni za kuchomea. Kisha akafika mahali ambapo mbao, misumari na mabati havinunuliwi kimoja kimoja, kwa sababu huwezi kupaua robo ya nyumba. Hapo amekwama, na mvua za Novemba hazimsubiri. Mpaka Mei zitakuwa zimelamba kuta zake, na mwaka unaofuata ataanza kwa kurudisha alichokwisha kukijenga.

Mtu huyu hahitaji shilingi milioni 30 kwa miaka 15. Anahitaji paa. Mkopo wa kawaida wa rehani haukukusudiwa kwa ajili ya paa peke yake. Sisi tunajenga kama mti unavyokua na tunapewa mikopo ya watu wanaonunua meza dukani.

Ghana walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1954, nchi hiyo ikiwa bado inaitwa Gold Coast, Umoja wa Mataifa ulipeleka wataalamu watatu, Charles Abrams, Vladimir Bodiansky na Otto Koenigsberger, watazame makazi. Waliyaona yale yale ninayoyaona mimi katika barabara ya Ujiji: watu wanajua kujenga kuta, kinachowashinda ni paa. Wakapendekeza mkopo wa paa, milango na madirisha, na kuanzia mwaka 1956 ukatolewa kwa kupitia vyama vya ujenzi vya vijiji. Mwanachama alikopeshwa akiisha kusimamisha kuta zake. Kuta ndizo zilizokuwa ushahidi kwamba si mtu wa mchezo. Nami nauliza, ushahidi gani ulio bora kuliko huo? Mtu aliyejenga kuta kwa miaka mitatu bila kukopa senti amekwisha kufanya mtihani wa kuweka akiba mbele ya macho ya mtaa mzima, na mtendaji wa mtaa aweza kuutia sahihi bila kumwita mthamini.

Naamini halmashauri yaweza kuwa na mfuko mdogo wa namna hiyo. Tufanye mfano: shilingi milioni 3, bila riba, kwa miezi 30, ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Mtumishi wetu wa mshahara wa 800,000 anaimudu, na theluthi yake inabaki salama. Mvuvi naye aweza kuandikiwa marejesho yenye miezi ya kupumzika pale ziwa linapofungwa. Fedha asipewe mkononi. Apewe mbao na mabati kutoka kwa muuzaji, fundi akamilishe, mtendaji athibitishe, ndipo muuzaji alipwe. Yaliyotokea kwenye Benki ya Nyumba na kwenye vikundi vilivyoyeyuka yasisahauliwe hata siku moja wakati wa kuandika kanuni zake. Jambo hili linahitaji idhini ya Baraza la Madiwani na ya TAMISEMI, na si la kumaliza kwa mwezi mmoja. Lakini kuna hatua ambayo haihitaji idhini mpya hata leo. Vijana wanaofyatua matofali na wanaotengeneza milango na kenchi ni wazalishaji halali kwa asilimia 10 ile ile. Wakikopeshwa wao, nao wakawauzia wenye maboma kwa malipo ya awamu, fedha ya halmashauri itakuwa imefika kwenye paa kwa njia ya karakana. Njia hiyo ina hatari zake, na kijana asiyelipwa na mwenye boma atashindwa kuilipa halmashauri. Ndiyo maana nasema lazima pawe na mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa, hata kama muuzaji na mnunuzi ni mtu na mjomba wake.

Nirudi kwa ninyi watumishi, kwani najua wengi mmekuja na madaftari. Anayekusudia kwenda benki au kwa halmashauri asianze na fomu ya mkopo. Aanze na ardhi. Kama kiwanja ni cha urithi, jalada lifunguliwe mahakama ya mwanzo, msimamizi wa mirathi ateuliwe, na warithi wote watie sahihi wakiwa hai na wakiwa wanapendana. Kama eneo halijapimwa, wakazi waombe kwa pamoja. Upimaji wa mtaa mzima humgharimu kila mmoja kidogo kuliko mtu kumwita mpima ardhi peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua pia leseni ya makazi kwa maeneo yaliyojengwa bila mpango. Ni ya muda, lazima ihuishwe, na si kila benki huiheshimu, lakini ni karatasi yenye jina lako badala ya maneno ya jirani. Na tangu mwaka 2020 ofisi za ardhi zilisogezwa mikoani, kwa hiyo ule udhuru wa jalada kwenda ofisi ya kanda na kurudi umepungua nguvu, kwetu na kwa maafisa pia.

Mkikataliwa, ombeni barua. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu mimi sikuiomba. Waambieni waandike sababu: ni hati, ni mshahara, ni umri wa kustaafu, au ni mahali nyumba ilipo? Barua mia moja za walimu mia moja zikiwekwa mbele ya diwani, zikapangwa kwa sababu zake, zitamweleza halmashauri ianze wapi. Kama barua sabini zinasema hati, basi fedha ziende kwenye upimaji kabla ya kitu kingine chochote. Leo diwani hana cha kushika isipokuwa manung'uniko, na manung'uniko hayaingii kwenye bajeti.

Kuhusu mimi mwenyewe, mahakama imeniteua msimamizi, baada ya baba mdogo mmoja kusafiri kutoka Kalemie kuja kuthibitisha kwamba hana kinyongo. Mtaa wetu umeandika orodha ya wenye viwanja wanaotaka kupimiwa. Jina la babu limefutwa na yameandikwa majina yetu tisa. Shangazi amekwisha kuniuliza mara mbili kama chumba chake kitatazama barabarani, maana anapenda kuwaona wapita njia. Nimemwambia kitatazama barabarani. Kuta nitazianza kiangazi kijacho kwa fedha zangu, na nitakapofika kwenye lenta nitarudi kwa yule binti wa halmashauri nimuulize tena.

Ndugu Mwenyekiti, hesabu ya mshahara niliyoitaja nimeiandika ubaoni kwa wanaotaka kuinakili. Niko tayari kwa maswali.